Maji ya Ubatizo na Maji ya Hukumu

Somo la historia: kwa nini Maandiko Matakatifu ni msingi wa imani yetu



Ndugu wasikilizaji, nanyi wakatekumeni mliokusanyika pamoja na katekista wenu, katika somo hili hatutajifunza amri wala sakramenti mpya. Tutatazama mambo yaliyotukia katika nchi yetu ya Katanga na ng'ambo ya mpaka wetu, ili tuone kwa mfano wa kweli kwa nini Kanisa hujenga imani juu ya Maandiko Matakatifu, wala si juu ya ndoto za mtu mmoja au ishara anazozionyesha.

Tuanze na swali. Mtu akiingia kijijini mwetu na Biblia mkononi, akalitaja jina la Mungu, akabatiza kwa maji na kuahidi kwamba atauondoa uchawi wote, je, tumpokee kama mjumbe wa Mungu? Swali hili si la mchezo kwetu sisi wa Kasomeno. Kijiji chetu kiko kwenye njia panda: barabara itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, mkono mmoja ukielekea Kasenga kwenye mto Luapula, na mwingine ukielekea Kilwa na Pweto kwenye ziwa Mweru. Njia iletayo samaki huleta pia wahubiri, manabii na waganga. Hata zamani za babu zetu wageni wa namna hiyo walikuwa wakipita, na mmoja wao alileta msiba mkubwa.

Mwana Lesa

Mwaka 1925 alitokea mtu mmoja jina lake Tomo Nyirenda. Alikuwa mzaliwa wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, naye alikuwa amesoma katika misheni ya Kiprotestanti ya Livingstonia. Akiwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, alipokea mafundisho ya Watch Tower, kisha akaanza kuhubiri yeye mwenyewe katika nchi ya Walala, upande wa Mkushi. Akajulikana kwa jina la Mwana Lesa. Ninyi mnajua maana yake. Lesa ndilo jina la Mungu Mwumba katika lugha ya Walala, Walamba, Wabemba na majirani zao. Ni jina jema, nasi Wakristu twalitumia katika sala. Basi mtu huyu aliitwa Mwana wa Mungu, wala hakulikataa jina hilo.

Alihubiri toba na ubatizo. Ubatizo wake ulikuwa wa kuzamishwa mtoni, naye alifundisha kwamba maji yatawatenga wema na wabaya: anayezama mwili mzima ni mtu safi, na asiyezama vema ni mchawi. Chifu Shaiwila wa Walala alimkaribisha, na watu waliohukumiwa na maji yale wakauawa. Kisha Nyirenda akavuka mpaka na kuingia Katanga, na huku mauaji yakazidi. Pande zote mbili za mpaka zikihesabiwa pamoja, waliouawa walipita mia moja, na walio wengi walikuwa wa upande wetu. Alikamatwa mwaka uleule katika Rhodesia ya Kaskazini, akahukumiwa, na mwaka 1926 akanyongwa. Shaiwila naye alihukumiwa.

Tufikiri kidogo juu ya maji yale. Mtu mwenye hofu hukaza mwili na kujaza kifua pumzi, na kifua kilichojaa pumzi huelea. Nguo pana hushika hewa, nayo humwinua aliyeivaa. Mzee aliyekakamaa viungo hawezi kuinama upesi kama kijana. Tena, mkono uliomshika mbatizwa ulikuwa mkono wa mhubiri mwenyewe: ukisukuma, mtu huzama, ukilegea, kichwa hubaki juu. Kwa hiyo aliyehukumu hakuwa Mungu, wala hayakuwa maji. Alikuwa mtu, naye aliificha hukumu yake ndani ya maji ili watu wadhani imetoka mbinguni.

Hatusemi kwamba kila aliyesoma vitabu vya Watch Tower aliua watu. Walio wengi hawakuua, na kusema vinginevyo ni kusingizia. Twasema juu ya mtu mmoja na njia yake, ili tupate fundisho.

Kwa nini watu walimfuata

Tusiwacheke wazee wetu wa wakati ule. Walikuwa katika taabu nyingi. Serikali ya Wabelgiji iliwadai kodi. Vijana walichukuliwa kwenda kazi za migodi ya Union Minière, na vijiji vikabaki na wanawake, watoto na wazee. Homa kuu ya mwaka 1918 ilikuwa imeua watu katika nchi nyingi za dunia, na Katanga haikupona. Kila mahali watu waliuliza: nani anatuua?

Zamani mashitaka ya uchawi yalipelekwa kwenye mwavi. Mshitakiwa alinyweshwa sumu. Akitapika, alikuwa hana hatia. Akifa, alikuwa mchawi. Serikali za kigeni zilikataza mwavi, na katika Rhodesia ya Kaskazini sheria ya mwaka 1914 ilimwadhibu hata mtu anayemwita mwenzake mchawi. Katazo hilo liliokoa maisha ya watu. Lakini sumu iliondolewa na hofu ikabaki palepale moyoni, na watu wengi wakanung'unika kwamba serikali inawalinda wachawi. Ndipo akaja mtu na mwavi mpya usio na sumu, mwavi wa maji, akaupa jina takatifu la ubatizo. Alipokewa kama mvua baada ya kiangazi kirefu.

Iko sababu nyingine inayotuhusu zaidi katika somo hili. Watu walikuwa wamesikia kwamba kiko Kitabu cha Mungu, lakini hawakujua kilichoandikwa ndani yake. Mapadri Wabenedikto walikuwa wamefika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani mwaka 1911. Misheni zilikuwa chache na njia zilikuwa ndefu. Wakatekumeni walijifunza sala na katekismu kwa moyo, na waliojua kusoma walihesabika. Kwa Waprotestanti, Dan Crawford aliyekaa Luanza, kando ya ziwa Mweru, alijitaabisha kutafsiri Biblia katika Kiluba cha Wasanga mpaka alipokufa mwaka 1926. Lakini mashamba yalikuwa mapana kuliko mbegu. Mtu akisema, "Imeandikwa," nani angeweza kumwuliza, "Imeandikwa wapi, na kabla yake imeandikwa nini?"

Hofu hiyo haikuisha kwa kifo cha Nyirenda. Mwaka 1933 na 1934 vijana walioitwa Bamuchape walizunguka vijiji vya Nyasaland na vya Rhodesia ya Kaskazini. Walivaa nguo za kizungu, wakawapanga watu mstari, wakawatazama katika kioo ili kuwatambua wachawi, kisha wakauza dawa ya kuwatakasa. Safari hii kioo kilishika nafasi ya maji, na hukumu ilibaki ileile ya mtu aliyekishika.

Maandiko yasemavyo juu ya maji

Sasa tuyaulize Maandiko yenyewe. Je, kuna mahali ambapo maji ya ubatizo yaliwekwa ili kumfichua mtu mbaya auawe?

Twende kwanza mtoni Yordani, katika Injili ya Mathayo, sura ya 3. Watu wanamwendea Yohane Mbatizaji huku wakiungama dhambi zao wenyewe. Hakuna anayemshitaki jirani yake. Na Bwana wetu Yesu Kristu, asiye na dhambi, anaingia katika maji yaleyale pamoja na wakosefu. Hakuja kuwatenga na kuwaua. Alikuja kusimama kati yao.

Twende tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtu wa Ethiopia, Mwafrika mwenzetu, ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya, wala hakielewi. Filipo anapanda na kuketi karibu naye. Anaanza na andiko lilelile, anamweleza habari za Yesu. Baadaye wanafika penye maji, mtu yule anabatizwa, anakwenda zake na furaha. Angalieni utaratibu wake: kwanza Andiko, kisha maelezo ya mtu aliyetumwa na Kanisa, kisha imani, kisha maji, na mwisho furaha. Utaratibu wa Mwana Lesa ulikuwa mwingine: kwanza hofu, kisha maji, kisha mashitaka, na mwisho kifo. Maji ni maji. Mtu aliyeijua sura ile ya 8 angetambua kwamba ubatizo haukuwa uleule.

Na juu ya uchawi je? Tusome Matendo, sura ya 19. Katika mji wa Efeso, mji uliojaa waganga, watu wengi walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakaviteketeza hadharani, navyo vilikuwa vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Kila mtu alileta vyake mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna bibi kizee aliyevutwa kwa kamba. Huko Efeso vitu viliteketea na watu wakaokoka.

Andiko moja lililokatwa peke yake

Labda mtu atajibu: "Lakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imeamriwa kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai." Ni kweli, neno hilo limo, nasi hatulifichi. Lakini limo katika Sheria ya kale ya Waisraeli, pamoja na amri ya kumpiga mawe mzinzi. Bwana wetu alipoletewa mwanamke mzinzi, tunajua alivyotenda: aliwaambia wasio na dhambi waanze kutupa mawe, na wote wakaondoka. Yakobo na Yohane walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Bwana aliwakemea. Na katika mfano wa ngano na magugu aliwakataza watumishi wasing'oe magugu kabla ya mavuno, wasije wakaing'oa ngano pamoja nayo. Kanisa husoma Agano la Kale kwa mwanga wa Kristu. Anayelikata andiko moja na kuliacha lote lililobaki ametwaa jiwe kutoka katika nyumba ya Mungu ili ampige nalo mwenzake.

Tusisahau kwamba hata Shetani alijua maneno ya Maandiko. Alipomjaribu Bwana wetu alitumia maneno ya Zaburi. Bwana naye alimjibu kwa Maandiko, akaonyesha kwamba neno moja lazima lipatane na mengine.

Wala tusidhani kwamba kosa la Mwana Lesa ni la Waafrika tu. Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu kama elfu arobaini hata elfu sitini waliuawa kwa mashitaka ya uchawi, katika nchi za Wakatoliki na za Waprotestanti pia, na waamuzi walilitaja andiko lile la kitabu cha Kutoka. Sehemu nyingine huko walimfunga mshitakiwa na kumtupa majini. Akielea, walisema ni mchawi. Ni maji yaleyale ya hukumu, na hofu ileile, miaka mingi kabla ya Nyirenda kuzaliwa.

Na bado Kanisa lilikuwa limekwisha kuonya. Mwaka 1215, chini ya Papa Inosenti wa Tatu, Mtaguso wa Nne wa Laterano uliwakataza mapadri kubariki hukumu ya maji au ya chuma cha moto. Maana hukumu ya namna hiyo ni kumjaribu Mungu. Na mwaka 1631, wakati mashitaka yalipokuwa makali Ujerumani, padri Mjesuiti Friedrich Spee aliandika kitabu akaonyesha kwamba watu wasio na hatia huungama uchawi kwa sababu ya mateso tu. Wakristu waliosahau fundisho la Kanisa walimwaga damu, na Wakristu waliolishika walisimama kuikataza.

Sanduku la watu wa Scilli

Pengine mtu atauliza: "Basi sisi wanakijiji, tusio wasomi, tutawezaje kuyajua Maandiko?" Tumjibu kwa historia ya Afrika yetu.

Tarehe 17 Julai mwaka 180, katika mji wa Kartago, nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristu kumi na wawili wa mahali palipoitwa Scilli, wanaume saba na wanawake watano, walisimamishwa mbele ya liwali Mrumi. Mmoja wao, Speratus, alikuwa na sanduku. Liwali akamwuliza limebeba nini. Akajibu kwamba ni vitabu pamoja na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku thelathini za kufikiri, wakazikataa, wakakatwa vichwa. Hawa walikuwa watu wa mahali padogo kama petu. Hawakuwa na sanduku la dawa ya kujikinga, wala hawakuwa na ishara ya kuwatambua adui zao. Walikuwa na barua za Mtume, nao walijua kilichomo ndani yake kiasi cha kufa kwa ajili yake.

Zaidi ya hayo, maaskofu wa Afrika waliokutana Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, siku za Mtakatifu Agostino, waliorodhesha vitabu ambavyo Kanisa husoma kama Maandiko ya Mungu. Mtaguso wa Trento ulivithibitisha mwaka 1546, navyo ni vitabu 73. Tazameni basi: Biblia haikuokotwa njiani na mtu mmoja aliyeota ndoto. Kanisa liliilinda, likaipokea kutoka kwa Mitume, likaikabidhi kizazi kwa kizazi. Ndiyo maana twaisoma pamoja na Kanisa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 18 Novemba 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, ulitaka waamini wote wafunguliwe mlango wa Maandiko. Mlango huo ni wa mkulima na mvuvi kama ulivyo wa padri.

Sisi leo

Ndugu, maji ya hukumu hayajakauka. Katika miji yetu, Lubumbashi nayo, watoto yatima na watoto wagonjwa wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Vijijini wazee hunyoshewa kidole kila penye msiba. Mara nyingine anayewashitaki ameshika Biblia na kujiita nabii. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto humwadhibu kwa kifungo anayemshitaki mtoto uchawi. Sheria hiyo ni njema. Lakini tuliona kwamba sheria huweza kuondoa mwavi na kuiacha hofu. Hofu huondolewa na imani inayojua inachokiamini.

Kwa hiyo katika kila shirika la mtaa tuisome Injili ya Jumapili kabla ya Misa: anayejua kusoma awasomee wengine, na sura nzima isomwe, si mstari mmoja. Mgeni akija na mahubiri, tumsikilize kwa heshima, kisha tumwulize mambo matatu. La kwanza: andiko hili liko wapi, na Bwana Yesu alitenda nini juu ya jambo hili? La pili: unamhubiri Kristu, au unajihubiri wewe? La tatu: baada ya mahubiri yako, nani katika kijiji chetu atalia? Na mtu akiugua tumpeleke zahanati, tumwite padri ampe mafuta matakatifu, wala tusimtafute wa kumlaumu.

Maswali ya kujikumbusha

Swali: Je, kila aliyeshika Biblia ni mjumbe wa Mungu?
Jibu: Hapana. Shetani naye alitumia maneno ya Maandiko. Mjumbe wa Mungu huyafundisha Maandiko yote pamoja na Kanisa.

Swali: Ubatizo hufanya nini?
Jibu: Ubatizo huondoa dhambi na kutufanya wana wa Mungu. Haukuwekwa ili kumfichua mtu auawe.

Swali: Watu wa Efeso waliteketeza nini?
Jibu: Waliteketeza vitabu vyao wenyewe vya uganga. Hawakumteketeza mtu.

Swali: Mtu akimshitaki mtoto au mzee kwamba ni mchawi, Mkristu afanye nini?
Jibu: Akatae mashitaka hayo, amlinde anayeshitakiwa, na kuwapasha habari padri na mkubwa wa kijiji.

Kabla ya kuachana, tuwaombee waliouawa katika nchi yetu mwaka 1925. Waliingia majini wakiamini kwamba wanamwendea Mungu, wakatolewa mikononi mwa wauaji. Mwana wa Mungu wa kweli anayajua majina yao. Baba Yetu uliye mbinguni...